Viatu Vilivyonifia Njiani Siku ya Kuonana na Wakwe

Sikilizeni, mie si mtu wa kutahayari ovyo ovyo. Nimeuza mahamri na mbaazi hapa barazani Mtongwe tangu Saumu wangu yuanyonya, nimetukanwa nikatukana, nimewahi kuteleza na sinia zima mbele ya wanaume wanaotoka kusali alfajiri nikainuka nikacheka nao. Lakini siku ile ya Uingereza, wallahi, nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu jikoni hujifunika uso kwa leso kama mwari. Na kwa vile mumeshaisikia kipande kipande kwa watu wasiokuwepo (mwingine ati asema niliokotwa barabarani na askari, uongo mtupu), bora niieleze mwenyewe mumalize hamu.

Kisa chenyewe ni viatu. Naam, viatu tu.

Saumu, mwanangu wa pekee, yuko kule kaskazini mwa Uingereza, afanya kazi ya kuuguza wazee. Huko akapendana na kijana aitwaye Nassor, kijana mwenye adabu zake, kwao asili ni Unguja ila wamelowea huko siku nyingi. Mambo yakawa mazuri mpaka ami yake Nassor, mzee wa familia, akauliza swali mbele za watu: "Posa tutampelekea nani? Huyu msichana ana wenyewe, au ametoka hewani?" Saumu alinihadithia kwenye simu huku akijitia kucheka, lakini mie ndiye niliyemzaa, cheko la mwanangu lenye machozi ndani nalijua. Baba yake ametangulia mbele ya haki. Ami yake wa hapa, ambaye ndiye walii wake wa kumuoza, ana presha na hata feri ya Likoni huipanda kwa dua, sembuse ndege, akasema yeye ataoza kwa simu. Lakini wale walitaka kuona uso. Waone watu wa Saumu kwanza, ndipo posa ije. Basi mie ndiye nikawa ukoo mzima: mama, baba, shangazi, majirani, wote ndani ya buibui moja.

Saumu akaniagiza jambo moja tu. "Mama, huku utakuja wakati wa majani kudondoka, barabara zote ni majani na maji, na huku watu hutembea. Tafuta kiatu kizuri, kinene, kisichobana. Halafu ukivae huko huko nyumbani, utembee nacho, mguu ukizoee. Wanisikia?"

"Nakusikia."

Nilimsikia, sikatai. Nikavuka feri, nikaenda Kongowea kwenye mitumba, nikachagua mpaka muuzaji akachoka na mimi, nikapata raba nyeusi, jamani, raba! Soli nene, laini, ukikanyaga wajihisi wakanyaga godoro, na chini safi kabisa, mwenyewe wa kwanza hata hakuvivaa. (Muuzaji hana kosa, nasema mapema, maana kuna watu wenye ndimi hapa.) Nikarudi navyo nyumbani nimevikumbatia.

Kuvivaa sasa. Nikiangalia vile viatu, nikiangalia matope ya uchochoroni kwetu, roho inakataa. Mwajua tulivyolelewa. Nguo ya Idi haivaliwi kabla ya Idi, hata ikiwa imeshonwa tangu Rajabu. Sahani za wageni hazilii mwenyewe nyumba, hata kama hizo nyingine zimepasuka zote. Kitu kipya kina siku yake, na siku ya viatu hivi ilikuwa ni siku ya kuonana na wakwe. Nikavifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikatia karafuu mbili tatu vinukie, nikavilaza chini ya kabati.

Mama Kadzo, jirani yangu, alivichungulia siku moja akaniuliza, "Hivi wamuwekea nani, Mfalme wa Uingereza?"

"Nawawekea wakwe zangu," nikamjibu, "wewe endelea na ndara zako."

Sasa viza nayo ikakataliwa, ikaombwa tena, ikakaa. Joto la kaskazi likapita, masika ikapita, mvua mpaka kuta zikaota ukungu, joto likarudi. Na makabati yetu ya pwani mwayajua, chumvi hula mpaka bawaba za mlango. Mie kila Saumu akiniuliza, "Mama, umevitembelea viatu?" namjibu, "Alhamdulillah, viatu viko salama." Angalieni jibu hilo. Si uongo, wala si kweli.

Viza ikatoka, nikasafiri. Ndani ya ndege nilivaa ndara na soksi, viatu vimo begini vimefungwa vile vile. Saumu kunipokea, baada ya kulia na kukumbatiana, akaangalia chini.

"Mama, viatu viko wapi?"

"Vimo begini."

"Vyafanya nini begini?"

"Vyapumzika."

Alicheka mpaka akaegemea nguzo, na mie nikafurahi, maana nilimkuta amekonda na macho yameingia ndani, nikajua lile swali la ami yake Nassor lamla usiku na mchana.

Siku ya wakwe ikafika. Nikaoga, nikavaa dera langu la hariri, koti alilonipa Saumu, mtandio, udi wa kutosha, na viatu nikavitoa kwenye mfuko vikanukia karafuu. Vikanikaa barabara. Tukapanda basi, tukashuka, Saumu akaniambia tunatembea kidogo tu, na kweli ilikuwa barabara nzuri, miti huku na huku, majani mekundu na ya manjano yamejaa chini yamelowa, baridi yakata pua, na mimi natembea kifua mbele kama niliyetumwa na serikali. Saumu akanishika mkono. Akanambia, "Mama, leo sina hofu." Maneno hayo mpaka leo yaniuma.

Kwani hatukufika mbali nikahisi mguu wa kushoto umekuwa mfupi.

Nikadhani nimekanyaga shimo. Nikapiga hatua nyingine, ndio mfupi. Nikageuka nyuma kidogo, kwa siri, nikaona juu ya majani vipande vyeusi, vimemomonyoka kama kashata iliyokosa sukari, vimenifuata tangu kituo cha basi. Kisigino chote cha kushoto kimelala njiani. Lahaula! Nikainua mguu wa kulia kuuangalia, nao ukaniachia kipande pale pale. Soli ilikuwa haikukatika wala haikubanduka, ilikuwa imeoza. Imefia kabatini Mtongwe, mie nimesafiri na maiti.

Sasa hapa ndipo wenye akili wangesema, "Saumu mwanangu, viatu vimeharibika." Sentensi fupi. Tungerudi, au tungecheka, au angenivua tukaendelea. Lakini nilimwangalia usoni, ametulia kwa mara ya kwanza tangu nifike, na nikakumbuka "ukivae huko huko nyumbani, wanisikia?" nikaona siwezi. Siku ile ilikuwa yake. Nikakisukumia kile kisigino chini ya majani kwa ncha ya mguu, nikaendelea kwenda, huku natembelea vidole upande mmoja.

"Mama, wachechemea?"

"Mguu tu, mwanangu."

"Mguu umefanya nini?"

"Umekaza kidogo. Ni baridi."

Jamani, nimesahau kwamba mtoto kazi yake ni kuuguza wazee! Rangi ikambadilika. Akanikalisha juu ya ukuta mfupi wa nyumba ya watu, akaanza kuniuliza wauma wapi, nyuma au mbele, waunguza au wachoma, kwa sababu ati mtu akikaa sana kwenye ndege damu huweza kuganda mguuni na ikipanda kifuani ni hatari. Akataka kunivua kiatu aangalie. Nikapiga kelele, "Usiguse!" (nimekusudia kiatu), naye akaelewa kwamba mguu hauguswi kwa maumivu, akazidi kuchanganyikiwa, akampigia simu Nassor huku analia.

Nikamwambia, "Saumu, si kitu, wallahi si kitu."

"Mama, wazee wote husema si kitu!"

Haukupita muda Nassor akaja na gari, mbio, na nyuma ya gari ana kiti cha magurudumu. Nikauliza kiti cha nani. Akasema, "Cha marehemu bibi. Mama amekataa kukitoa nyumbani tangu afariki." Hapo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema. Lakini nilishasema mguu, na binti ameshalia, na kijana ameshakimbiza gari, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito. Wakanibeba mkuku mkuku, mguu huku, mguu kule, nikawekwa kitini nikafunikwa blanketi mapajani.

Ndivyo nilivyoingia kwa wakwe. Mie, ukoo mzima wa Saumu, nasukumwa kama gunia la unga.

Mlangoni palikuwa na viatu vya watu vimepangwa safu, maana kule nao huvua kama kwetu, na zulia la ndani lilikuwa rangi ya maziwa. Bi Zuwena, mamake Nassor, akatoka kunilaki. Mwanamke mrefu, mzuri, kavaa kanga juu ya nguo za sufu. Alipoona mtu ameketi kwenye kile kiti cha mamake akasimama, akatia kanga mdomoni, akaangua kilio. Wanawake wengine nao wakalia. Na mie, kwa aibu, nikalia. Tukalia wote, hakuna anayejua mwenziwe alilia nini.

Nikataka kuvua viatu. "La, la!" wakasema. "Muacheni na viatu vyake, mgonjwa huyu." Wakanisukuma mpaka katikati ya zulia. Nikabana miguu juu ya kile kibao cha kuwekea miguu, naomba Mungu isidondoke hata chembe.

Haya, chumba cha pili kulikuwa na wanaume, na yule ami mwenye swali lake. Akaambiwa mama yake Saumu amefika, lakini yu taabani. Nikamsikia ukutani asema, "Basi tumuombee kwanza, mengine baadaye." Wakaanza. Wakasoma, wakasoma, kisha akaomba kwa sauti nzito, Ewe Mola, mponye mama huyu mguu wake, ametoka mbali kwa ajili ya mwanawe. Wanawake wote wakaitikia amin. Waliniangalia. Nifanye nini? Nami nikaitikia amin, kwa dua ya mguu mzima usio na hata chunusi. Nilihisi masikio yanachemka.

Saumu alikuwa amepiga magoti kando yangu, mkono wangu ndani ya mkono wake. Nikamwinamia nikamnong'oneza, "Mwanangu, kuna jambo." Kabla sijamaliza akaingia Shangazi Raya, dadake ami, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu, na bakuli la mafuta ya habasoda yamepashwa moto.

"Hebu nipe mguu huo," akasema. "Mguu hauna dawa ila kukandwa."

"Shangazi, tafadhali, usijisumbue."

"Nani ajisumbua? Wewe mkwe."

Akaketi chini, akakishika kiatu cha kulia kwa mikono yote miwili, akavuta. Sehemu ya juu ya kiatu ikatoka na mkono wake mmoja, ya chini ikatoka na mkono mwengine, na katikati ikamwagika soli yote, nyeusi, chembe chembe, juu ya lile zulia la maziwa, juu ya kanga yake, ndani ya bakuli la mafuta. Shangazi Raya hajawahi kuona kitu kama kile. Aliangalia mikono yake akapiga ukelele uliotingisha madirisha:

"Yarabi! Mguu wamomonyoka!"

Wanawake wakaruka. Mmoja akaanza kutafuta simu aite gari la wagonjwa, na wanaume wakaja mbio mpaka mlangoni, wakasimama hapo wameinamisha macho kwa heshima huku wauliza kuna nini. Na mie, kwa kutaka kuwatuliza watu, nikafanya jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Nikainuka. Nikatupa blanketi, nikasimama wima kwa miguu yangu miwili nikasema, "Mguu u salama, jamani! Mguu u salama!"

Yule ami, mzee wa watu, ndevu nyeupe, akainua mikono akatokwa na machozi.

"Allahu Akbar! Ameinuka! Dua imepokewa!"

Wakaanza kushukuru. Bi Zuwena akanishika akanibusu mkono. Shangazi Raya, mafuta mikononi, asema, "Mama huyu ana baraka zake, mumeona wenyewe." Na yule ami, mtu aliyeuliza kama mwanangu ametoka hewani, akasema pale pale, "Huyu ni mtu wa kheri. Alhamdulillah, tumepata watu wa kheri."

Sasa nawauliza nyinyi. Lile ndilo nililovukia bahari. Ndilo neno nililotaka. Nikinyamaza tu, basi, Saumu ana wenyewe, na wenyewe hao ni mawalii wenye karama. Nikamwangalia Saumu. Yeye alikuwa bado chini, ameshika kiatu, amekigeuza, avisugua vile vipande kwa kidole gumba. Akanusa. Karafuu. Akainua uso akaniangalia, na nikajua ameshajua kila kitu, toka kabati mpaka "viatu viko salama". Aliningojea mimi niseme.

Nikaona nikinyamaza, mwanangu ataingia kwenye nyumba ile na uongo wangu, na kila Idi atakaa nao pamoja mezani.

"Ami," nikasema, "dua yenu Mungu aipokee kwa jambo jingine. Mguu wangu haukuwa na kitu. Kiatu ndicho kilichokufa. Nilivinunua vya safari nikavifungia kabatini badala ya kuvivaa, vikaoza, vikanimomonyokea njiani, nikaona haya kusema. Kilio, kiti, mafuta, yote haya ni viatu."

Nikaendelea, maana nikishaanza kusema kweli sijui kuacha. "Niliambiwa mwauliza kama mwanangu ana watu. Basi sikutaka mtu wake mmoja aliye naye aje kwenu na soli zimelala barabarani."

Na hapo nikakaa tena kwenye kile kiti, kisha nikakumbuka ni kiti cha nani nikainuka upesi.

Aliyesema kwanza ni Saumu. Alikuja akanipangusa uso kwa mtandio wangu mwenyewe. "Mama," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "ungekuja pekupeku, ningekushika mkono vile vile nikakuingiza kwa mlango ule ule."

Bi Zuwena akageuka akamwangalia shemeji yake, yule mzee. Hakumfokea. Alimwambia tu, "Umesikia? Swali lako lile." Na mzee akainamisha kichwa, akashika ndevu. Ni Shangazi Raya aliyetuokoa, maana alikuwa bado ameketi sakafuni na chembe mpaka puani, akaangalia bakuli lake la habasoda, akaanza kucheka. Cheko la tumbo. "Nilidhani nimemng'oa mtu mguu! Wallahi nilikuwa najiuliza nitauweka wapi!" Nyumba nzima ikapasuka, hata wale wanaume mlangoni, hata Nassor aliyekuwa amekimbiza gari, na mie nikacheka mpaka mbavu zikauma, huku nalia.

Tulipokwisha, yule mzee akakohoa kidogo. "Mkwe," akaniambia, "sisi ndio tuliokosea. Posa hupelekwa kwa wenyewe, sisi tumewaita wenyewe waje mbio kwetu, katika baridi. Kesho tutakuja kwenu, kwa Saumu."

"Karibuni," nikasema, "lakini mie sina viatu vya kuwatokea nje."

"Si neno," akasema. "Bora zaidi, hutatukimbia."

Wakaja kweli. Chumba cha Saumu ni kidogo, tukasogeza kitanda ukutani, tukatandika mkeka niliokwenda nao. Nilikuwa nimevaa slipa za Saumu za manyoya, pinki, visigino vyangu vimetokea nyuma, na waliposimama nje wakapiga hodi na sinia zao, nikamwona mwanangu ameganda, hajui aende yeye au nani. Nikamvuta nyuma. Hodi ya posa haiitikii bibi harusi. Nikaufungua mlango mimi.

Nimerudi Mtongwe na viatu alivyoninunulia Saumu, na nilivivaa tangu dukani, nikavivaa ndani ya ndege, na nitavivaa hapa kwenye matope mpaka viishe, kwa sababu nimeapa: kitu kikinunuliwa leo kitavaliwa leo. Na kikinifia njiani tena, nitakaa chini pale pale, mbele ya wakwe, mbele ya mfalme, niseme kiatu kimekufa, nivue, nishike njia pekupeku. Mwenye kucheka na acheke. Mie mguu wangu sitausingizia tena.